Wakili anataka mume wangu apimwe akili ili mimi niruhusiwe kurudi Marekani. Kuna aliyepitia hili?

Mama Wawili wa Mwaloni:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie, jambo lenyewe haliingii kwenye mistari miwili.

Niko Mwanza, Kirumba, namsaidia dada yangu biashara ya dagaa pale Mwaloni. Marekani niliingia mwaka 2015 kwa viza ya matembezi. Nilipewa miezi sita, nikakaa miaka saba. Sijitetei, mnaotaka kunisema semeni mmalize. Mwaka 2017 nikaolewa huko huko Houston na mtu wa nyumbani kabisa, Mhaya aliyekulia Igoma, ambaye alikuwa ameingia 2016 kwa bahati nasibu ya grini kadi. Tuna wawili: wa kike alizaliwa 2018, wa kiume 2020. Oktoba 2022 mama yangu akafariki. Watu wa makaratasi wote waliniambia nisitoke, nikitoka nimejifungia mlango kwa nje. Nikapanda ndege. Mama hazikwi mara mbili.

Mume wangu akaja kupata uraia 2023, akanifungulia I-130, ile fomu ya raia kumwombea mkewe, ikapita. Nikaenda kwenye mahojiano ya ubalozi na bahasha yangu ya picha za harusi. Afisa, kijana mpole tu, akaniambia ndoa yetu haina tatizo, tatizo ni ile miaka. Aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 lakini hajafikisha mwaka, akiondoka anafungiwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka na kuendelea, miaka 10. Mimi ni wa 10. Akanipa karatasi inayosema naweza kuomba msamaha kwa fomu ya I-601. (Najua, kama ningesubiri hadi apate uraia ningeomba makaratasi nikiwa ndani, maana niliingia kwa viza halali. Nimeshaambiwa, msinirudishie hapo.)

Sasa ndipo lilipo hili. Wakili wa kule anasema kwenye huo msamaha mateso yangu mimi hayana uzito. Yanayopimwa ni ya mume wangu, kwa kuwa ndiye raia. Nikamuuliza, na watoto? Wamezaliwa Houston, pasipoti zao za bluu ninazo picha zake kwenye simu. Akasema sheria inataja mume, mke au mzazi aliye raia au mwenye grini kadi. Watoto wanaingia kupitia kwa baba yao, yaani shida zao zinahesabika kwa kadiri zinavyomuumiza yeye. Nilizima simu nikaenda kukaa kwenye magunia.

Na ili kuonyesha anavyoumia, anataka aende kwa mwanasaikolojia afanyiwe tathmini, iandikwe ripoti, iambatanishwe.

Mume wangu hataki kusikia. Kwanza anasema, "Mimi si kichaa, nafanya kazi, nalipa kodi ya nyumba." Pili, kuna mwenzake wa pale ghalani anakofanya kazi kamwambia ukikiri kwa Wamarekani kwamba umeelemewa, wanakuja kuchukua watoto. Na mama mkwe naye huko Igoma ameshapata habari, sijui kwa nani, anauliza mwanawe amerukwa na akili tangu lini na mbona hakuambiwa.

Mimi namwona kwenye simu ya video kila siku. Kwangu saa kumi na moja alfajiri, kwake saa tatu usiku, anawalaza watoto kabla ya kwenda shifti. Anaegemeza simu kwenye bomba la sinki. Juzi alikuwa anamsuka binti, amejifunza mwenyewe kwa kutazama video, njia zimepinda kama barabara ya Bwiru na mkia wa pili ulikuwa umefumuka kabla hajamaliza wa tatu. Alipoinuka nikaona mkanda. Umetobolewa tundu jipya, tena kwa msumari, si tundu la dukani. Nikamuuliza umekonda kiasi gani, akasema mkanda umelegea. Analala sakafuni chumbani kwa watoto, kitanda chetu kimejaa nguo zilizofuliwa.

Na kuna jambo lingine ambalo hajawahi kunieleza kwa mdomo wake. Baba yake alikuwa kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria, asubuhi ya Mei 21, 1996. Yeye alikuwa na miaka tisa. Haya nimeambiwa na mama mkwe. Ninachokijua mimi ni kwamba alipokuja likizo huku Mwanza tukalazimika kupanda kivuko cha Kamanga, alisimama safari nzima ameshika kamba ya boya la kujiokolea, hajibu neno, na kile kivuko hakichukui hata nusu saa.

Nauliza hivi: huyo mwanasaikolojia anauliza nini? Nimwambie wakili habari ya MV Bukoba au ni kumvua mtu nguo? Na wakili ameandika kwenye rasimu yake kwamba mume akihamia Mwanza atakosa matibabu kwa sababu "Mwanza hakuna hospitali yenye huduma ya afya ya akili". Hiyo niiache ipite?

Kipanga wa Capripoint:

Simpo sana hii. Siku tatu asioge, avae viatu mguu tofauti, akiulizwa jina acheke. Atapewa ripoti ya kurasa hamsini. Wenzio walijilipua, yaani waliomba hifadhi ya ukimbizi, kwa hadithi za kutunga na sasa wana majumba, wewe una ya kweli unaogopa nini?

Baba Neema:

Kipanga, utamponza mwanamume wa watu.

Shemeji, mimi nimepitia hiyo I-601 mwanzo hadi mwisho, ila kwetu ilikuwa kinyume: mimi ndiye niliyekwama Buzuruga, mke wangu ndiye raia, yuko Minnesota. Kwa hiyo aliyetathminiwa ni yeye. Nikueleze tulivyoharibu, usirudie.

Mara ya kwanza tulitafuta wa bei nafuu. Jina na ofisi sitaji. Alimpigia mke wangu simu dakika 25, wiki iliyofuata ikaja barua ya kurasa mbili: mteja ana huzuni, mteja ana wasiwasi, mteja anamhitaji mumewe. Ungeweza kufuta jina la mke wangu ukaweka la mwanamke yeyote wa Minnesota ambaye mume wake yuko mbali. Idara ya uhamiaji ikaturudishia ikitaka ushahidi zaidi. Huwezi kuwalaumu, sheria yao inataka mateso yanayozidi yale ya kawaida ya kutengana. Kila aliyetengana na mwenziwe ana huzuni. Barua yetu ilikuwa inathibitisha kwamba sisi ni watu wa kawaida.

Mara ya pili wakili akatupeleka kwa mama mmoja mtaalamu hasa. Vikao vitatu, kama saa nne zote kwa jumla. Aliuliza kuanzia utotoni: ulilelewa na nani, nani alikufa, ulikuwa unalalaje, ulishawahi kuugua nini kabla ya kuolewa. Kisha akampa madodoso. La huzuni lina maswali 9 na la wasiwasi 7, hayo mafupi. Halafu akampa moja la maswali 344, mke wangu alimaliza mkono unamuuma. Kipanga, soma hapa: hilo refu limewekewa mitego. Kuna maswali ambayo hata mgonjwa mahututi hajibu "ndiyo", na kuna yanayorudiwa kwa maneno mengine. Anayetia chumvi anaonekana kwenye alama, na mtaalamu anaandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Ukishaandikwa kwamba ulizidisha, na yale ya kweli yanaoza.

Ripoti ilikuja kurasa 13. Ilisema, kwa mfano, kwamba mke wangu akimaliza zamu hukaa ndani ya gari pale maegeshoni hadi dakika arobaini kabla ya kuliwasha, kwa sababu nyumbani hakuna mtu. Mimi mumewe sikuwa najua. Nimelisoma hilo nikiwa Buzuruga, kwenye kibanda cha kuchapisha nyaraka, na kijana wa kibanda akaniuliza kama nataka nakala ya rangi.

Wakili wetu alitaka ripoti ieleze pande zote mbili: mke akibaki bila mimi itakuwaje, na akihamia Mwanza kunifuata itakuwaje. Wa kwako mkumbushe hilo. Ila mtaalamu si wakili, hasemi "mpeni msamaha". Anasema alichokiona, alichokipima, ugonjwa kama upo unaitwaje na umetokana na nini kwa maoni yake. Anayeamua ni afisa, tena hata mateso yakithibitika afisa bado anapima mengine yote kuhusu wewe.

Habari ya kuchukuliwa watoto: mtaalamu anawajibika kutoa taarifa akiona mtoto anapigwa au ametelekezwa, au mtu yuko karibu kujidhuru. Baba anayesuka nywele vibaya saa tatu usiku hayumo. Na hofu ya "wakisema ni mgonjwa atanyimwa kunileta" iondoe pia. Yeye ni raia, hajaomba viza. Anayechunguzwa afya kwa ajili ya viza ni wewe, kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, na hicho ni kipimo kingine kabisa.

Sisi tulipata. Nakuandikia nikiwa huku, theluji hadi dirishani.

Shangazi wa Nyegezi:

Mwanangu, pole na mama. Mimi nimefundisha Kiswahili shule miaka mingi, na tangu nistaafu nafanya ukalimani kwa simu, nikiwa hapa hapa Nyegezi. Vikao vya wanasaikolojia na wahamiaji nimekaa vingi. Sitasimulia ya mtu, nitasimulia ya maneno.

Kwanza acheni hilo la "kupimwa akili". Kwetu mtu anayepimwa akili amekamatwa anatembea uchi barabara ya Kenyatta. Mwambie mumeo anakwenda kuhojiwa na mtaalamu kuhusu maisha yake. Mkwe wako pia mwambie hivyo hivyo, utaona atakavyotulia.

Pili, hata kama Kiingereza chake ni kizuri, aulize kama anaweza kuzungumza Kiswahili na mkalimani. Kiingereza cha ghalani kinatosha kuomba likizo, hakitoshi kueleza kifo cha baba. Na akiongea Kiingereza aangalie tafsiri za kichwani kwake. Sisi tunasema "nina mawazo" na kila mtu wa ziwa hili anaelewa kwamba mtu ana shida, hana raha. Likipelekwa Kiingereza neno kwa neno, mwanasaikolojia anainua kalamu: mawazo gani? Ya kujiua? Kuna mtu kichwani anazungumza naye? Nimeona kikao kikisimama dakika kumi kwa neno hilo moja. Vivyo hivyo "nasikia vibaya". Kwetu kusikia ni pamoja na baridi, njaa na aibu. Kwao kusikia ni sikio, na mtu anayesikia vitu ambavyo wengine hawavisikii ana ukurasa wake kwenye vitabu vyao.

"Moyo unaniuma" nayo. Kuna mahali mtu alisema hivyo akaulizwa maswali ya shinikizo la damu na maumivu ya mkono wa kushoto, mpaka nikaomba ruhusa ya mkalimani kufafanua. Sonona ni neno zuri na lipo kwenye mabango ya hospitali, lakini sijawahi kumsikia mtu akisema "nina sonona" akiwa nayo. Husema mwili umechoka, chakula hakipiti, usiku ni mrefu. Aseme hivyo hivyo, kazi ya kuupa ugonjwa jina si yake.

Na la marehemu. Mumeo akisema baba huwa anamjia usingizini, wewe na mimi hatushangai, tutamuuliza tu alisema nini. Mtaalamu asiyetujua anaweza kudhani mengine. Mzuri ataulizia kwanza huko kwenu maana yake ni nini. Mwongozo wao wa magonjwa ya akili, ule wa mwaka 2013, una mahojiano maalumu ya maswali 16 kuhusu utamaduni wa mtu, kwa sababu hiyo hasa. Wakili aulize kabla ya kulipa: huyu mtaalamu ameshafanya kazi na Waafrika? Ameshaandika ripoti za uhamiaji?

Ule MV Bukoba sasa. Usimwambie wakili nyuma ya mgongo wa mumeo. Mwambie mumeo kwanza kwamba unajua. Miaka yote hiyo ya ndoa yeye anadhani hujui, na wewe unajifanya hujui, na sasa mnataka mgeni mwenye kalamu awe wa kwanza kulitaja? Akikubali, litaingia kwenye ripoti mahali pake, maana mtaalamu lazima aulize alifiwa na nani na lini. Asipokubali bado ana ya kutosha. Mimi niliishi Igoma mwaka ule. Makaburi ya waliozama yalipochimbwa pale nilikuwa na mimba ya mwanangu wa tatu, wakatukataza wajawazito kusogea, tukasikiliza tu toka nyumbani.

Katika lile dodoso la maswali 9, la mwisho linauliza kama umewahi kufikiri ni heri ufe, ndani ya wiki mbili zilizopita. Wanaume wetu wengi wanalijibu sifuri kabla mkalimani hajamaliza sentensi. Mwambie alisikilize hadi mwisho kisha ajibu kweli, iwe ndiyo au hapana.

Muuguzi wa Zamu:

Nimekuja kwa lile la wakili tu, mengine wakubwa wamemaliza.

Nafanya kazi ya afya ya akili hapa Mwanza. Hiyo sentensi yake ifute leo hii. Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili, yeyote mwenye intaneti anaiona kwa dakika moja, afisa wa uhamiaji akiwemo. Akikuta uongo kwenye ukurasa wa tatu, ukurasa wa nne atausoma kwa jicho gani?

Yaliyo kweli yanatosha. Wataalamu ni wachache kwa idadi ya watu wa Kanda ya Ziwa, foleni naijua maana mimi ndiye ninayeita majina. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Mirembe, iko Dodoma. Mtu akiwa ameshazoea mtaalamu mmoja huko aliko, kumkatiza katikati ya matibabu kuna madhara yake, na hilo mwanasaikolojia wake ndiye wa kuliandika. Halafu mambo ya kawaida: mumeo atapata kazi gani hapa, kwa mshahara gani, na deni la huko atalilipaje? Binti anayesoma Kiingereza tangu chekechea ataingia darasa la ngapi? Waandike hayo kwa vielelezo. Na tafadhali, wakili asiiandike Mwanza kama pori. Wewe ndiye utakayeulizwa mbona unaishi huko na ni mzima.

Kipanga wa Capripoint:

Basi nimekoma, nilikuwa natania. Ila swali la kweli: kama ripoti inalipiwa na mwenye shida, mtaalamu si ataandika anachotaka mteja?

Mbeba Boksi wa Ohio:

Kipanga, nami niliuliza hivyo hivyo. Yangu ilikuwa ya hifadhi, si ya msamaha kama ya dada. Kilichonipata sitakieleza humu. Mimi sikulipa hata senti, alinitathmini daktari wa kujitolea kupitia chuo cha udaktari. Wapo wengi, na shirika la Physicians for Human Rights lina mtandao wa madaktari wa aina hiyo, ila hao ni kwa kesi kama yangu zaidi kuliko za mume na mke.

Daktari wangu alifuata mwongozo wa Umoja wa Mataifa unaoitwa Itifaki ya Istanbul, wa mwaka 1999, ulioboreshwa 2022. Nina kovu mkononi. Hakuandika "huyu anasema kweli". Aliandika kwamba kovu na dalili vinalingana na maelezo yangu. Kuna ngazi za kulingana: hailingani, inalingana, inalingana sana, mpaka ile ya juu kwamba hakuna kingine kinachoweza kusababisha. Mimi nilipewa "inalingana sana" na nilinuna, nilitaka ya juu. Wakili akaniambia shukuru, ngazi ikiwa ya juu kwa kila kitu jaji anaanza kunusa.

Kilichonisaidia mbele ya jaji ni sehemu moja ndogo. Nilikuwa nimechanganya tarehe mbili, maelezo ya kwanza na ya pili hayakuelewana. Daktari alikuwa ameeleza jinsi kiwewe kinavyovuruga kumbukumbu ya mpangilio wa matukio, huku lile tukio lenyewe likibaki limechongwa. Jaji alisoma aya hiyo mara mbili, nilikuwa namwangalia midomo.

Na nyie mnaowashauri watu wajilipue kwa hadithi za kuazima, mjue maombi ya hifadhi yana mwaka mmoja tangu mtu aingie, na foleni ya wenye shida za kweli imerefuka kwa sababu yenu. Nimemaliza.

Mama Wawili wa Mwaloni:

Wakuu, nimekaa kimya mwezi na siku kadhaa, samahanini. Nilikuwa nafanya mlichoniambia.

Nilianza na la Shangazi. Nilimwambia alfajiri ile ile ya kawaida, simu ikiwa kwenye sinki. Nikasema, "Baba Doreen, najua habari ya baba yako, mama aliniambia kabla hatujafunga ndoa." Akafungua maji, akaosha kikombe ambacho nilikuwa nimemwona akikiosha. Kisha akasema, "Basi ndiyo maana ulinishika mkono pale Kamanga." Sikumbuki kumshika mkono. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki.

Wiki iliyofuata akaenda. Wakili alipata mtaalamu, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi na Wakongo na Wasomali. Vikao viwili virefu, alikubali mkalimani kwa kikao cha pili tu. Alichoulizwa hakunieleza chote na sikumdadisi. Aliniambia tu kwamba yule mama hakushtuka kwa lolote, na kwamba kwenye yale maswali 9 alipata 17 kwa 27. Alilisema hilo kama mtu anayeleta matokeo ya mtihani wa shule, hajui afurahi au vipi. Lile la mwisho hakuniambia alijibu nini. Lakini sasa ana miadi kila wiki mbili, ya matibabu, kwa mtaalamu mwingine, si kwa ajili ya kesi.

Watoto hakuna aliyekuja kuwachukua.

Nami nilihojiwa, kwa simu ya video, saa nne usiku yangu. Sikutaka kufanyia nyumbani kwa dada kuna kelele, nikaenda ghalani Mwaloni nikakaa katikati ya magunia, mlinzi akaniwashia taa. Yule mama aliniuliza, kupitia kwa mkalimani, ninaona nini kwa mume wangu ambacho yeye mwenyewe hakioni. Nikasema mkanda. Akauliza mkanda gani. Nikaeleza tundu, nikaeleza msumari, nikamwonyesha kwa kidole changu kwenye kanga, maana mkalimani alikuwa amekwama kwenye neno "kutoboa" akidhani nasema masikio. Akaandika muda mrefu. Rasimu ya ripoti wakili amenisomea, ina kurasa 15, na mkanda umo, ukurasa wa sita.

Sentensi ya "Mwanza hakuna hospitali" imefutwa. Muuguzi, wakili alinuna kidogo, kisha akauliza nani kaniambia. Nikasema muuguzi wa hospitali. Akanyamaza.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nilimtumia mume wangu video, nikamwambia sasa kwenda Bukoba ni gari mwanzo mwisho, huhitaji kukanyaga maji. Wakati ule hakujibu. Juzi kaniuliza lina upana gani, na kama pembeni kuna ukingo, na ukingo wenyewe unamfika mtu mzima wapi. Jumapili nitapita na daladala nimpimie.

Bado kuna kimoja. Mama mkwe amekubali kuandika barua ya kuambatanisha, kuhusu mwanawe alivyokuwa baada ya ile ajali. Ameiandika kwa mkono, Kiswahili kimechanganyika na Kihaya, kurasa nne. Lakini mbili zote ni kesi ya mpaka wa shamba la migomba kule Muleba na shemeji yake aliyehamisha mawe. Nimwambie aandike upya bila shamba, au nitafute wa kutafsiri zile mbili za kwanza tu?

Shangazi wa Nyegezi:

Usimguse. Mfasiri anatia sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba ametafsiri yote, tena kwa usahihi. Hakuna nusu. Na ile kesi ya shamba ilianza lini? Kama ni baada ya 1996, mwanangu, hiyo nayo ni habari ya MV Bukoba.

Niletee barua, nipo Nyegezi stendi kila siku baada ya saa tisa. Kihaya changu ni cha jirani, tutamwita mtu.

Mama Wawili wa Mwaloni:

Ilianza 1997. Wabeja sana, Shangazi. Nakuja kesho na kilo mbili za dagaa.